Kiwanja Kinafaa

Asubuhi ile Rubani Mkuu alipotia saini, chai yake ilikuwa bado inatoa moshi. Karani wake aliona kwa macho yake mawili, kwa sababu yeye ndiye aliyeipiga chapa ile karatasi, na yeye ndiye aliyeileta mezani.

Ilikuwa fomu ya ukaguzi wa kiwanja kimoja cha mashambani. Hapakuwa na lami pale, wala uzio, wala taa. Palikuwa na mita mia nane tu za nyasi na udongo mweusi, ambako ndege ndogo za kampuni zilipeleka dawa na kuchukua wagonjwa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili bila kupumzika. Kanuni ya kampuni ilijulikana na kila mtu: mvua kubwa ikipita, Rubani Mkuu aende kwa gari mpaka kiwanjani, akitembee chote kwa miguu, ndipo aandike kama ndege zinaweza kutua au la.

"Niandike nini hapa, bosi?" karani alimuuliza.

"Andika kinafaa."

"Lakini hujaenda."

"Nikae garini saa sita kwenye matope, nikakanyage nyasi? Kiwanja hakijahama, mama. Andika kinafaa."

Akaandika. Si kwamba moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Lakini fomu za namna hiyo alikwisha kuziandika mara nne au tano, na ndege zote zilikwenda zikarudi. Alitoa karatasi kwenye mashine, akaiweka mbele ya bosi pembeni mwa kikombe, bosi akatia saini bila hata kuvuta kiti.

Siku tatu baadaye rubani aliyepangiwa safari ya kwenda kiwanja kile alikuwa kaka yake karani, tumbo moja.

Huyo kaka wenzake walimwita Kipanga, kwa jinsi alivyojua kushuka kwenye viwanja vifupi: alikuja juu juu kama hana haja, kisha akadondoka mahali alipopataka, si hatua tatu huku wala tatu kule. Siku ile pia alitua vizuri. Magurudumu ya nyuma yaligusa nyasi, ndege ikaenda, ikapunguza mwendo, kisha gurudumu la mbele likaingia kwenye mtaro. Mvua ilikuwa imeuchimba katikati ya kiwanja, upana wa hatua moja, na nyasi zilikuwa zimeufunika vizuri kama aliyefunika shimo makusudi. Ndege ikasimama kwa pua, ikapinduka. Kipanga alikuwa peke yake na makasha ya dawa. Kasha moja lilimpiga mgongoni. Tangu siku hiyo, kuanzia kiunoni kwenda chini, mwili ukawa si wake.

Kamati ya uchunguzi ilikaa. Rubani Mkuu aliapa kwamba alikikagua kiwanja kwa miguu yake. Dereva wa kampuni akasema ndiyo, mimi ndiye niliyempeleka. Dada akasimama.

"Siku hiyo hakwenda popote. Alikuwa ofisini, nilimwona."

"Una ushahidi gani?" mwenyekiti alimuuliza.

Ushahidi alikuwa nao kwenye ncha ya ulimi. Alitakiwa aseme: niliipiga chapa fomu hiyo saa tatu asubuhi, yeye akiniambia neno la kuandika, nami nikijua kwamba hajaenda. Lakini swali la pili aliliona linakuja kabla halijaulizwa: sasa wewe kwa nini uliandika? Na kaka yake alikuwa amelazwa kwenye machela palepale ukumbini, anamtazama.

"Nilimwona tu," alisema.

"Tunaelewa uchungu wako," mwenyekiti akamjibu kwa upole. "Wewe ni dada yake."

Ripoti ikatoka: kosa la rubani, alitua kwa mwendo wa kupita kiasi. Leseni ya Kipanga ikachukuliwa, kana kwamba angeitumia. Mwezi haukwisha, karani naye akafukuzwa kazi. Wifi yake, mke wa Kipanga, alivumilia mwaka mmoja na nusu, kisha akafungasha akarudi kwao, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumlaumu.

Hapo ndipo dada alipofanya jambo lililowashangaza ndugu wote. Hospitali ya kule mashambani ilikuwa inatafuta mwangalizi wa kiwanja, mtu wa kufyeka, kufukia mashimo, kufukuza mbuzi na kuwaambia marubani hali ya ardhi kwa redio. Aliomba kazi ile. Akahama na kaka yake, wakaenda kuishi kwenye nyumba ya vyumba viwili, mwisho wa kiwanja kilekile.

"Una akili timamu wewe?" shangazi yao aliuliza. "Unampeleka mtu akaishi mahali palipomvunja?"

Lakini Kipanga mwenyewe alikubali. "Nipeleke," alisema. "Angalau nitasikia injini."

Alichokuwa nacho dada moyoni hakumwambia mtu. Rubani Mkuu alikuwa mtu wa kuruka. Viwanja vya upande ule vinahesabika kwa vidole. Siku moja, apende asipende, angelazimika kutua pale. Na siku hiyo angemkuta. Atamfanya nini, hilo hakulijua. Alichojua ni kwamba lazima awepo.

Akangoja. Na katika kungoja akakijua kiwanja kile kuliko alivyojua chumba chake cha kulala. Kila asubuhi alitembea urefu wote na fimbo ya chuma, anaichoma ardhini kila hatua tano, anasikiliza inaingiaje. Alijua wapi maji hutuama, wapi udongo hukauka juu na kubaki uji chini, wapi mchwa wanajenga upya kila akibomoa. Kando ya kiwanja alipanga mawe ishirini, akayapaka chokaa, ili rubani akiwa juu aweze kuyahesabu. Marubani wakamzoea, wakamwita Mama Kiwanja. Mmoja wao, mzee mnene aliyebeba mizigo na ambaye wenzake walimwita Bwana Mizigo, alipenda kusema, "Mama Kiwanja akikwambia pale pana shimo la panya, usibishe. Atakutajia na umri wa panya."

Walikuja wote. Rubani Mkuu hakuja. Zamu za kiwanja kile aliwapa wengine, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Mama Kiwanja alisikia kwamba amenunua hisa, sasa ni mmoja wa wenye kampuni, amenenepa, amejenga. Kila habari ya namna hiyo aliipokea kimya, akaiweka pamoja na nyingine.

Siku yenyewe ilipofika, hakuitambua. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, mbingu imebaki nzito, rangi ya sufuria. Alikuwa kwenye kibanda cha redio katikati ya kiwanja, anakausha viatu vyake, aliposikia mtu anaita.

"Kiwanja cha hospitali, kiwanja cha hospitali, kuna mtu hapo?"

Sauti ile aliijua kabla sentensi haijakwisha. Akaacha viatu, akashika kinasa sauti.

"Yupo," alijibu. "Sema."

"Natoka kusini. Nyumbani kumefungwa na dhoruba, na kiwanja cha ng'ambo wanasema kimejaa maji. Nataka kutua kwako. Nipe hali ya ardhi."

"Uko na nani?"

"Niko na mkunga wa hospitali. Tuko wawili."

Aliposikia habari ya mkunga akafumba macho. Hilo hakuwa amelipanga. Katika mawazo yake ya miaka sita ya kungoja, Rubani Mkuu alikuwa akija peke yake, sikuzote peke yake. Baadaye ilijulikana kwamba rubani wa zamu alikuwa amelala hoi kwa homa, na bosi akaona safari fupi ya kumfikisha mkunga mjini, amalizie kwa gari, hakuna sababu ya kuiahirisha.

"Mafuta?"

"Dakika thelathini na tano. Mbona maswali mengi? Nipe hali ya ardhi, mama."

"Hunijui sauti?"

Redio ikakwaruza.

"Mimi ni karani wako," alisema Mama Kiwanja. "Dada yake Kipanga."

Injini ilianza kusikika, nyembamba, nyuma ya mawingu.

"Sawa," Rubani Mkuu alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Pole kwa yaliyotokea. Sasa nipe hali ya ardhi."

"Nitakupa. Lakini kwanza wewe ndiye utakayenipa kitu. Zaidi ya miaka saba iliyopita ulisaini kwamba kiwanja hiki kinafaa. Ulikuja kukikagua?"

"Unasema nini? Niko hewani!"

"Najua uko wapi. Ulikuja?"

"Hii ni redio ya kazi. Watu wanasikia."

"Ndiyo maana nakuuliza hapa."

Na kweli watu walikuwa wanasikia. Mitambo ya kituo cha waongozaji wa ndege ilikuwa inarekodi kila neno. Bwana Mizigo alikuwa huko juu ya mawingu na magunia yake ya saruji. Na mwisho wa kiwanja, dirishani, Kipanga alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu na redio ndogo mapajani, ile ya kupokea tu, ambayo ndiyo iliyokuwa dunia yake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Redio ile isingeweza kujibu. Alichoweza ni kusikiliza.

Ndege ikatokeza chini ya mawingu, nyeupe yenye mstari mwekundu, ikashuka ikapita juu ya kiwanja kwa chini kabisa, mpaka nyasi zikalala. Mama Kiwanja alielewa: Rubani Mkuu alitaka kujionea mwenyewe. Akamwacha aone. Kutoka juu, kiwanja kizima kilikuwa kijani kibichi, sawasawa, kizuri kama zulia. Kilikuwa kijani vilevile siku ya Kipanga.

Ndege ikapanda, ikazunguka.

"Umeona nini?" aliuliza Mama Kiwanja.

"Naona nyasi."

"Basi tua."

Hakutua. Akazunguka mara ya pili, mara ya tatu. Alikuwa mwongo, lakini alikuwa rubani, na rubani anajua nyasi zinaweza kuficha nini.

"Mama, acha mchezo! Nina dakika ishirini na tano."

"Dakika ishirini na tano ni nyingi. Maelezo ya ardhi hayazidi dakika moja."

"Mama Kiwanja," sauti ya Bwana Mizigo ikaingia, nzito, ya kubembeleza. "Ni mimi. Mpe mwenzangu hali ya uwanja, haya mengine mtayamaliza chini."

"Bwana Mizigo, nakuheshimu sana. Nyamaza."

"Haya," alisema. "Nasikiliza tu."

Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, mbali na kinasa sauti, ya juu, yenye kilio. "Mwambie anachotaka! Mwambie, baba, tunakufa!" Mkunga. Mama Kiwanja alishika ukingo wa meza. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na maneno yote ya kuwaokoa alikuwa nayo kifuani: jiwe la ngapi, upande gani, hatua ngapi. Hakukibonyeza.

Rubani Mkuu akaanza kusema.

"Sikwenda."

"Sikusikia. Sema yote."

"Nilisema sikwenda! Siku ya ukaguzi sikwenda. Nilisaini nikiwa ofisini."

"Na dereva?"

"Nilimwambia aseme alinipeleka."

"Na Kipanga? Alitua kwa kasi?"

"Hapana. Alitua sawasawa. Mtu yeyote angeingia kwenye mtaro ule." Halafu hasira ikampanda, hasira ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na akaongeza jambo ambalo Mama Kiwanja hakuwa amejiandaa nalo. "Na fomu ile aliipiga chapa nani? Si wewe? Uliniambia sijaenda, nikakwambia andika, ukaandika! Mbona hilo hukuiambia kamati? Kaka yako anajua? Mwambie na hilo, tusikilize wote!"

Alitazama nje ya kibanda, kuelekea nyumbani. Kwa umbali ule dirisha lilikuwa doa jeusi tu kwenye ukuta. Lakini alijua redio ipo mapajani, na alijua imefunguliwa.

Miaka sita alikuwa amejinoa kwa ajili ya saa hii, na sasa makali yamegeuka upande wake. Angeweza kukana. Hapakuwa na shahidi.

"Ni kweli," alisema. "Niliipiga chapa mimi. Nilijua hujaenda, nikaandika. Na mbele ya kamati niliogopa." Akavuta pumzi. "Sasa sikiliza, na usinikatize. Mafuta?"

"Kumi na nane."

"Hesabu mawe meupe kutoka mtoni. Mpaka jiwe la saba ni uji, usiguse hata kwa mkia. Kuanzia jiwe la nane, upande wako wa kushoto, kuna ukanda mgumu wa changarawe. Upana hatua kumi na tano, urefu mita mia tatu na ishirini. Nje ya hapo utazama. Upepo unatoka kilimani, kwa hiyo njoo kutokea mtoni. Njoo polepole kadiri ndege itakavyokubali. Pua juu, gurudumu la mbele libaki hewani mpaka lishuke lenyewe. Breki usiguse, ardhi itakusimamisha."

"Nitajuaje kwamba unasema kweli?"

"Nitasimama jiwe la nane, kwenye ukingo wa ukanda wenyewe. Tua kushoto kwangu, hatua kumi. Kama nakudanganya, ndege itanipindukia mimi wa kwanza."

Akaweka kinasa sauti, akatoka mbio. Viatu aliviacha. Matope yalimfika kwenye vifundo, alianguka mara moja, akainuka, akafika penye jiwe la nane, akasimama na mikono juu.

Ndege ilikuja kutokea mtoni, pua imeinuliwa, injini inanguruma kwa kujizuia, inayumba kwa upepo. Ilipita juu ya uji kwa urefu wa mtu. Mama Kiwanja aliona magurudumu yanakuja usawa wa kifua chake, kisha bawa likampita kichwani akainama bila kupenda, na nyuma yake akasikia changarawe inalia. Alipogeuka, ndege ilikuwa inakimbia ndani ya ukanda, matope yanaruka pande zote, gurudumu la mbele bado liko hewani. Likashuka polepole. Ndege ikapunguza, ikapunguza, ikasimama hatua chache kabla changarawe haijaisha.

Wa kwanza kushuka alikuwa mkunga, mwanamke wa makamo, mkoba kifuani. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Mama Kiwanja, akamzaba kibao.

"Mimi nilikukosea nini?" aliuliza.

"Hukunikosea kitu."

"Nina watoto watatu."

"Najua ubaya nilioufanya. Nisamehe."

"Sikusamehi," alisema mkunga, na akaenda zake kwa miguu kuelekea hospitali, bila kugeuka.

Rubani Mkuu alishuka baadaye. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Kweli alikuwa amenenepa.

"Umeridhika sasa?"

"Bado," alisema Mama Kiwanja. Alikwenda kibandani, akarudi na ile fimbo ya chuma, akamnyooshea. "Kesho utataka kuruka. Kanuni inasema mvua kubwa ikipita, Rubani Mkuu akague kwa miguu. Chukua. Kila hatua tano unachoma."

"Wewe ndiye mwangalizi. Umeshakijua."

"Mimi nimekwisha kukwambia ninachojua. Wewe si hukuniamini?"

Alimtazama yule mwanamke, akaitazama ndege, akatazama zile nyasi nzuri za kijani zilizozunguka ukanda kila upande. Akaichukua fimbo. Alivua viatu vyake vya ngozi, akavua na soksi, akakunja suruali mpaka magotini, akaanza.

Nisiseme uongo: Mama Kiwanja alikaa juu ya jiwe la nane na kutazama, na ilikuwa tamu. Mtu yule alitembea mita zote mia nane, kwenda na kurudi, anachoma, anazama, anang'oa mguu kwa mikono miwili. Penye mtaro wa Kipanga, ambao ulikuwa umefukiwa kwa mawe lakini kila mvua ulibonyea kidogo, alianguka kwa magoti. Mama Kiwanja hakwenda kumwinua. Wagonjwa wawili watatu wa hospitali walikuwa wamesogea ukingoni kutazama tajiri mwenye ndege anapiga magoti matopeni, na mmoja aliuliza kwa sauti kama bwana yule amepoteza pete.

Lakini utamu ule ulikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa nyumbani. Jua lilipoanza kushuka, akaenda.

Kipanga alikuwa palepale dirishani. Redio ilikuwa imezimwa.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli."

"Nilikwenda kuchukua fomu ile mezani kwako. Nikakuuliza, dada, kule kukoje? Ukaniambia kuko sawa."

Hilo alikuwa amelisahau. Miaka yote alikumbuka mashine, kikombe cha chai, saini. Lakini hili, kwamba kaka yake alimuuliza uso kwa uso, lilikuwa limetoka kichwani mwake kama halijawahi kuwepo. Sasa lilirudi zima, pamoja na tabasamu alilokuwa nalo Kipanga akiwa mlangoni.

"Ndiyo," alisema. "Nilikwambia hivyo."

"Toka nje."

Akatoka, akakaa kizingitini. Kesho yake asubuhi ndege ikaruka kutoka kwenye ukanda, ikaenda, na yeye hakuinua hata kichwa.

Siku kumi na moja Kipanga hakumsemesha. Dada alimgeuza kitandani, akamwosha, akamfulia, akamsukuma mpaka dirishani, na muda wote ule kaka yake aliangalia ukuta. Hakumtukana. Heri angemtukana.

Huku nje mambo yalikwenda mbio. Bwana Mizigo alitua siku ya tatu, akaandika maelezo yake kwa mkono, kurasa mbili, akayapeleka mwenyewe. Kituo cha waongozaji kilikuwa na sauti zote. Dereva wa zamani alipoitwa, hakungoja kuulizwa mara mbili. Kamati mpya ilikaa katika ukumbi uleule, na safari hii mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye miwani asiyecheka. Rubani Mkuu alinyang'anywa leseni, na wenzake katika kampuni wakamtaka auze hisa zake aondoke. Waliomwona siku hiyo wanasema alitoka kupitia mlango wa nyuma.

Mama Kiwanja naye aliitwa. Hakujitetea. Mwenyekiti alimuuliza swali moja tu la maana.

"Kama angekataa kusema mpaka mwisho, ungewaacha wakaanguka?"

"Hapana, mheshimiwa. Zingebaki dakika kumi, ningemwambia."

Wakaandika. Wakamvua kazi ya redio, asishike tena kinasa sauti maisha yake yote, na yeye mwenyewe aliona ni haki. Fimbo na fyekeo walimwachia, kwa kuwa hakukuwa na mwingine anayekijua kiwanja. Alimpelekea mkunga barua ya kuomba radhi. Haikujibiwa. Akaandika ya pili, nayo pia.

Barua ya Kipanga ilifika siku hiyo ya kumi na moja. Mistari minne: ripoti ya awali imefutwa, rubani hakuwa na kosa, leseni yake inarudishwa kwa heshima. Dada alimsomea kutoka mlangoni, akaiweka kitandani, akageuka kuondoka.

"Ngoja," alisema Kipanga.

Akasimama.

"Walikuuliza kama ungemwacha aanguke?"

"Waliniuliza. Niliwaambia zingebaki dakika kumi ningesema."

"Si hao. Mimi nakuuliza."

Dada alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alijaribu kuitafuta ile dakika ya kumi kichwani, kama kweli iliwahi kuwepo wakati kidole chake kiko juu ya kitufe na mkunga analia. Hakuiona.

"Sijui, kaka."

Kipanga aliikunja barua mara mbili, akaibana kiganjani. Alikuwa na macho makavu kabisa.

"Mimi nilikuwa naomba akatae, aanguke," alisema.

Baadaye kidogo Kipanga akasema mgongo unamuuma upande wa kushoto, na dada yake akainuka akamgeuza.